Mjane wa Saa Kumi na Moja

Saluni ya Brigitte ilikuwa ghorofa ya chini katika jengo la kona pale Joubert Park, Johannesburg, kati ya duka la simu na fundi cherehani, na runinga yake ilitundikwa juu ya vioo ili msusi aitazame bila kugeuza kichwa cha mteja. Ikifika saa kumi na moja jioni, kila siku ya kazi, drayer za kukaushia nywele zilizimwa. Waliokuwa wakisukwa walibaki na kichwa nusu, waliopakwa dawa ya nywele walioshwa haraka kabla haijawachoma, na mwanamume aliyepita kuuza soksi alipewa nafasi kwenye benchi mradi asifungue mdomo. Ilikuwa saa ya akina Zubieta.

Akina Zubieta ni matajiri wa saruji huko Meksiko. Mzee wao, Don Hilario, alikufa tamthilia ilipoanza tu, mezani, kijiko kikiwa mkononi, na tangu hapo wadogo zake wanagombea kiti chake na mjane wake, Donya Consuelo. Ni kiti hasa, cha ngozi nyekundu, kwenye kichwa cha meza ndefu katika ofisi za kampuni, na anayekikalia ndiye anayesema saruji ya Meksiko iende wapi. Mkubwa wa hao wadogo, Don Octavio, amekwisha kumtilia shemeji yake sumu kwenye chai, amekwisha kumfungia stoo, na safari moja alimtangaza mwendawazimu mbele ya askofu. Wanawake wa Joubert Park walimlilia Donya Consuelo mpaka taulo za saluni zikalowa. Mama Benita, kiongozi wa akina mama kanisani, alimwombea kwa jina katika mkesha, na kanisa zima likaitikia amina.

Mwaka huo Brigitte hakuwa akiitazama tamthilia akiwa nyuma ya kiti chake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kichwa kimenyolewa, gauni jeusi, kwa sababu mumewe Lambert alikuwa amekufa. Lambert alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi kule Braamfontein, mtu wa maneno machache na shinikizo la damu. Alianguka kwenye kona akisubiri robot, kama waitavyo huko taa za barabarani, iwaruhusu watu kuvuka. Robot ikawaka kijani, wengine wakavuka.

Sasa, katika ukoo wa Lambert, watu wa milimani juu ya Bukavu, Kongo, mjane hashiki kichwa cha mtu mpaka ndugu za mumewe wamtoe kilioni kwa kumwosha mikono mbele ya familia. Akikishika kabla ya hapo, wanasema, anampitisha marehemu kichwani mwa yule mtu. Kule nyumbani mila hiyo haimtesi mjane sana, kwani mjane analima, na muhogo hauna kichwa. Waliotunga mila hawakumfikiria mjane ambaye ni msusi.

Aliyepaswa kupanga siku ya kumtoa kilioni ni Firmin, mdogo wa Lambert, msimamizi wa walinzi, mkazi wa Kensington. Firmin hakuwa na haraka. Kwanza alisema wamngoje baba mdogo kutoka Bukavu, ambaye alinyimwa viza. Kisha akasema baridi ipite kwanza. Kisha Pasaka. Huku nyuma mkewe, Victoire, alikuja saluni kusaidia, na alisaidia vizuri, na kiti alichochagua kusaidia nacho ni kile cha kwanza, cha dirishani, chenye pedali ya kupandisha na kushusha. Kiti hicho Brigitte na Lambert walikinunua mnadani kabla hata ya kupata chumba cha kukiweka. Walikibeba kwa miguu mpaka mjini, na kwenye kila robot nyekundu walikitua, Brigitte akakikalia, na Lambert akasimama nyuma yake kama msusi. Watu wa mjini waliwapita bila kushangaa. Walikuwa wameona makubwa zaidi.

Brigitte na Lambert hawakujaliwa mtoto. Mkataba wa pango uliandikwa jina la Lambert, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kufika Johannesburg. Brigitte alilala nyuma ya pazia, mwishoni mwa chumba, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa saluni ile. Alilijua hilo. Firmin naye alilijua.

Donya Consuelo alitoka runingani siku ya Jumatatu, wakati wa tangazo la sabuni ya unga. Aliweka mguu mmoja kwenye rafu ya shampuu, mwingine kwenye mgongo wa kiti, na Victoire akamshika kiuno asianguke. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, na vumbi la saruji lilikuwa limemjaa mabegani. Midomo yake ilisema, ikamaliza, ikafunga, halafu sauti ikafika, kwa Kiingereza, kama ilivyo kwenye runinga. Alitaka kuoshwa nywele. Kule upande wake msusi alikuwa mtu wa Octavio na alikuwa akimvuta makusudi.

Mama Benita alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alimwuliza swali moja tu, lile ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: Octavio atakufa lini? Donya Consuelo akajibu kwamba hajaambiwa.

Baada ya hapo alikuja karibu kila siku, matangazo yakianza. Watu walimzoea. Walikuwa na lalamiko moja tu, kwamba saruji yake iliziba sinki, na fundi wa mabomba alipokuja aliuliza nani anajenga. Katika siku hizo, akiwa ameegemea sinki huku povu likimtiririka shingoni, Donya Consuelo alimwona yule mwanamke wa mlangoni.

Midomo ilisogea. Sauti ikafuata. "Yule ni nani?"

"Ni mujane," alisema Victoire. "Iko mu kilio."

Donya Consuelo alimtazama Brigitte mpaka matangazo yakaisha, akapanda rafu akarudi zake na nywele mbichi.

Siku chache baadaye umeme ulikatika. Wezi walikuwa wamekata kebo ya mtaa mzima, na ilitokea kwenye matangazo, Donya Consuelo akiwa bado sinkini. Wateja walisubiri kidogo, wakachoka, wakafunga vitambaa kwenye vichwa vyao vya nusu na kuondoka. Victoire naye alitoka ili awahi teksi za Kensington kabla hazijajaa. Brigitte alibaki kwa sababu alikuwa akiishi pale. Donya Consuelo alibaki kwa sababu alipogusa runinga kioo kilikuwa kigumu, kioo kama kioo chochote.

Nje bado kulikuwa na mwanga wa jioni. Muuza mahindi alikuwa akipuliza mkaa wake kando ya njia. Donya Consuelo alikaa kwenye kiti cha dirishani akiwa na taulo kichwani, akaanza kusema, na Brigitte akaona jambo jipya: bila umeme sauti yake haikuchelewa. Ilitoka mdomoni palepale, nzito kuliko ile ya Kiingereza, tena kwa Kihispania. Brigitte alikuwa amesoma kwa Kifaransa, na alikuwa ameosha vichwa vya Waangola na Wamsumbiji wengi kiasi cha kujua Kireno cha saluni. Vikichanganywa hivyo viwili, vilitosha.

Kesho yake asubuhi ulikuwa mkutano mkuu wa kampuni. Octavio alikuwa amewaita wote waje washuhudie mjane akiondolewa kwenye kiti. Donya Consuelo hakutaka kuingia huko na nywele zilizovurugika kama mtu aliyefukuzwa tayari.

"Nisuke," alisema.

"Siwezi, mama. Mi niko mu kilio. Habayaniosha mikono."

"Mimi pia nimefiwa."

"Ya kwenu ni ingine."

"Ya kwetu wanakuja kesho," alisema Donya Consuelo. "Ya kwenu wanakuja lini?"

 Brigitte alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa mikononi. Mikono ile ilikuwa imefanya kazi tangu yu msichana, na sasa ilikaa mapajani kutwa nzima ikitazama mikono ya mtu mwingine ikiharibu mistari. Kuna njaa ya tumbo na kuna njaa ya mikono, na ya pili hakuna jirani anayekuletea sahani.

Akainuka. Alifungua bomba akanawa mikono yake mwenyewe, mbele ya kioo, na akamwita Lambert kwa jina akamwomba ruhusa. Lambert, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kumkatalia kitu, alinyamaza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Brigitte akachukua kitana.

Alimsuka mistari ya kwenda nyuma, ile ambayo Watanzania wa pale mjini huiita twende kilioni. Nywele za Donya Consuelo zilikuwa laini na zenye kuteleza, kwa hiyo aliikaza, na Donya Consuelo alitokwa machozi bila kulalamika. Alipofika mstari wa mwisho, nyuma ya sikio la kushoto, kidole chake kiliukunja ukarudi mbele, kama ndoano ndogo. Hakukusudia. Alikuwa akiumalizia hivyo kwenye kila kichwa tangu Bukavu, na mkono haumwulizi mtu.

Umeme uliporudi Donya Consuelo alijitazama kwenye kioo, akamshika Brigitte mashavu yote mawili, akapanda. Brigitte alisafisha sinki, akalala. Usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe.

Kesho yake saluni ilijaa mapema. Saa kumi na moja ilipogonga, meza ndefu ya akina Zubieta ilionekana, wanasheria huku, wajomba kule, Octavio kasimama na karatasi zake, na mlango ukafunguliwa. Donya Consuelo aliingia akiwa na mistari. Ilimpendeza. Uso wake wote ulikuwa umevutwa juu, na macho yalikuwa makali kama ya mtu ambaye hajafumba kope kwa juma zima. Hakuna hata mmoja pale mezani aliyesema neno juu ya nywele zake. Alipita nyuma ya Octavio, akakikalia kiti chekundu, akaomba maji.

Vigelegele vilisikika mpaka kwa fundi cherehani. Mama Benita alisimama akacheza kidogo. Hata muuza soksi alipiga makofi. Kisha Donya Consuelo akageuza kichwa kumtazama mwanasheria wake, na kamera ikamsogelea, na nyuma ya sikio la kushoto, kubwa kama mkono wa mtu, ikaonekana ile ndoano.

Victoire ndiye aliyesema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa msusi, na msusi huijua kazi ya mwenzake.

"Ile ni mukono ya Brigitte."

Wote wakageuka mlangoni. Brigitte alikuwa ametazama chini. Mama Benita, ambaye hakuwa amesukwa na Brigitte tangu msiba uanze, alijishika kichwa chake hata hivyo. Simu zilianza kulia kabla matangazo hayajafika, kutoka Yeoville, kutoka Rosettenville, kutoka kwa kila mwanamke wa Kongo mwenye runinga na kumbukumbu ya kichwa chake. Kwamba Brigitte amemsuka mtu wa Meksiko aliye ndani ya runinga, hilo halikumsumbua yeyote. Kilichowasumbua ni kwamba amesuka akiwa kilioni.

Jioni ileile Firmin alikuja. Siku iliyokuwa haipatikani ikapatikana: Jumapili, baada ya ibada.

Katika wateja wa Brigitte alikuwamo Serah, Mkenya, mfanyakazi wa benki, aliyekuja kwa basi kutoka Braamfontein kusukwa rasta. Habari zilipomfikia alikuja moja kwa moja kutoka kazini, viatu vya kazi miguuni, akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu na Brigitte.

"Brigitte, sikiza. Huku kuna sheria. Wewe ndio bibi yake, saluni ni yako. Kuna wakili namjua, anasaidia wamama bure. Kesho nakuchukua twende."

"Minajua sheria iko," alisema Brigitte.

"Sasa?"

"Na siku mi nitakufa, huyo wakili njo atanizika?"

 Watu wa kwao Brigitte wana chama cha mazishi, na chama ni familia hizohizo. Ndicho kilichomzika Lambert, kwa jeneza zuri na magari mawili. Mwanamke mmoja aliyewahi kuwashitaki mashemeji zake alishinda kesi, akapewa nyumba, na alipokufa humo alikaa mochari mpaka manispaa ikamchukua. Brigitte aliitaka saluni yake kwa moyo wote. Lakini aliogopa kulala peke yake ardhini katika nchi ya watu, na woga ule haukuwa wa kijinga.

Jumapili saluni ilipangwa viti vya plastiki. Papa Ezéchiel, mzee wa familia, alikaa katikati, Firmin kulia kwake, akina mama kwenye benchi, na Brigitte peke yake mbele ya sinki. Runinga iliachwa ikiwaka bila sauti, kwa vile Jumapili hurudia vipande vyote vya wiki na kulikuwa na waliokosa cha Alhamisi. Serah naye alikuja. Alisimama akasema habari ya sheria, kwa heshima, akafafanua vizuri. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Merci, binti yetu," alisema Papa Ezéchiel. "Umesema vizuri. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Keti, bakuletee kinywaji."

Firmin akasimama. Alisema kwamba anampenda shemeji yake. Alisema Lambert alikuwa baba kwake. Alisema saluni ni jasho la ukoo, na kwamba asiye na mtoto na marehemu ni mgeni aliyekula vizuri, na mgeni siku yake ya kurudi huwa inafika. Halafu akasema lile la nywele. Hakuhitaji kuleta ushahidi, kwani palepale juu ya kichwa chake runinga ilikuwa ikirudia mkutano wa kampuni, na ile ndoano ikapita tena, kubwa kama mkono wa mtu.

Akina mama wakaguna. Matangazo yakaanza, ya mchuzi wa pakiti, na Donya Consuelo akatoka.

Wanaume wawili walimpisha njia. Alipewa kiti cha dirishani, maana ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, na Fanta baridi. Alisimama bila kuigusa. Midomo yake ilisema kwa muda mrefu, huku amewaelekea mmoja baada ya mwingine, na walingoja, mikono mapajani, mpaka sauti ikaanza kufika.

Alisema yeye ndiye aliyemlazimisha. Alisema kichwa ni chake, na kama kuna marehemu aliyepitishwa humo basi wameelewana vizuri. Alisema anawajua watu wanaokuja kwa mjane na maneno matamu na kipimo cha kupimia mlango. Alisema mwanamke huyu ameijenga nyumba hii kwa vidole vyake, na anayemtoa humo ni mwizi, hata akimtoa kwa sala.

Mama Benita alikuwa akilia kabla sauti haijamaliza. Alivua kitambaa cha kichwa akajipangusia macho, akampa jirani yake. Victoire alilia. Papa Ezéchiel alivua miwani. Firmin mwenyewe alipenga kamasi, akatikisa kichwa, akasema, "Ule Octavio, mi minamuchukia sana."

 Papa Ezéchiel akavaa miwani yake.

"Mama Consuelo, tunakushukuru. Umetoka mbali sana, na maneno yako ni ya kweli. Sisi bote tumelia, umeona mwenyewe. Lakini ile ni mambo ya televizio. Hapa ni mambo ya familia."

Wakakubaliana haraka. Kosa la nywele Brigitte alisamehewa. Saluni ikaenda kwa Firmin, aishike kwa niaba ya ukoo. Brigitte angeweza kubaki kama mfanyakazi, kiti cha mwisho, kile kisichopanda wala kushuka. Hakuna mwanamke hata mmoja kwenye benchi lile aliyefungua mdomo. Wengi walikuwa bado wakijipangusa machozi.

Victoire alileta beseni. Alimmiminia Brigitte maji mikononi, mbele ya wote, na Papa Ezéchiel akatamka kwamba ametoka kilioni na mikono yake sasa ni safi, anaweza kushika kichwa cha yeyote.

Brigitte aliitazama mikono yake. "Mi ninaomba kintu moja tu," alisema. "Kiti yangu. Ile ya dirisha. Ingine yote mubaki nayo."

"Kiti iko mu salon, shemeji," alisema Firmin, kwa upole.

Matangazo yalikuwa yakielekea mwisho. Donya Consuelo aliiweka Fanta chini, akamshika Brigitte mkono. Midomo yake ilisema jambo fupi. Sauti ilipofika, ilisema, "Hii mistari itahitaji kufumuliwa."

Brigitte alichukua kitana chake na mkasi wake, akavifunga kwenye kitambaa. Hakuna aliyemzuia wala aliyeuliza aendako, kwa kuwa ilionekana wazi. Victoire alisogeza kiti cha dirishani chini ya runinga akakikanyagia pedali, kikapanda juu kabisa, ili asipate shida ya kufikia rafu. Papa Ezéchiel alimwambia aangalie kichwa. Brigitte alikanyaga kiti chake, akakanyaga rafu, akaingia. Meksiko kulikuwa na jua kali.

Jumatatu saa kumi na moja jioni walimwona. Alikuwa amesimama nyuma ya Donya Consuelo, amevaa aproni nyeupe yenye kola, kitana mkononi. Hakupewa maneno. Katika nyumba za matajiri wa tamthilia mtu wa nywele hapewi maneno, hupewa trei. Donya Consuelo alishinda kesi moja baada ya nyingine, akakaa kwenye kiti chake chekundu, na siku alipomfukuza Octavio mbele ya wanahisa wote Brigitte alionekana nyuma kabisa, kidogo, akifuta meza. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya jiko. Donya Consuelo alikuwa mwema kwake, alipomkumbuka.

Saluni haikuwahi kupata wateja kama miezi ile. Watu walikuja kutoka Pretoria kumwona dada yao wa Bukavu. Victoire aliongeza benchi la pili, na Firmin akanunua runinga pana zaidi, ambayo ilifanya rafu ya shampuu ishushwe. Kipande ambamo Octavio, kabla ya kufukuzwa, alimtoa Brigitte chumbani usiku akamlaza stoo, kiliwavunja watu moyo. Firmin alipiga ngumi ukutani. Victoire hakuweza kuendelea kusuka. Mama Benita alisimama katikati ya saluni akauliza haki ya yule mwanamke iko wapi, na kama wale watu hawana Mungu, na Ijumaa ile alimwombea kwa jina katika mkesha. Kanisa zima likaitikia amina.

Serah aliacha kuja. Alimtafuta msusi mwingine, karibu na kazini kwake.

Siku moja, wakati wa matangazo, Brigitte alitoka. Nywele zake zilikuwa zimeota, na vumbi la saruji lilikuwa kwenye kola ya aproni yake. Walimsalimia kwa furaha. Saluni ilikuwa imejaa, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la pili akangoja zamu yake na wengine. Zamu ilipofika Victoire alimketisha kwenye kiti cha dirishani, akakanyaga pedali, akamsuka mistari miwili mitatu ya upande wa kushoto, vizuri kadiri alivyoweza. Mstari wa nyuma ya sikio aliumaliza ukiwa umenyooka. Ile ndoano hakuijua.

Brigitte alijitazama kwenye kioo. Aliweka mikono yake kwenye mikono ya kiti, akaipapasa, na midomo yake ikasogea. Ilisema maneno machache, ikafunga.

Walingoja. Drayer zilikuwa zimezimwa. Tangazo la mwisho likaisha, muziki wa akina Zubieta ukaanza, na Brigitte akainuka na kichwa nusu, akapanda rafu, akarudi, kwa kuwa Donya Consuelo alikuwa akigonga kengele.

Sauti yake ilifika akiwa ameshaondoka. Kule hakuwa amepewa maneno, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumsemea kwa Kiingereza. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Kiswahili cha Bukavu, na ilitokea palepale juu ya kiti, ambacho kilikuwa bado kinazunguka taratibu.

"Hii kiti ni yangu," ilisema.

Wote waliisikia. Mama Benita alingoja kidogo, kwa heshima, aone kama kuna neno jingine linalofuata. Halikuja.

"Victoire," akasema, "pandisha sauti."

Victoire akapandisha.